Kilo za Gizani

Watu wakisimama kanisani kutoa ushuhuda, wengi humshukuru Mungu kwa mwanga. Mwanga wa neno, mwanga wa uzima, mwanga huu na ule, mpaka masikio yanachoka. Jumapili moja ya mwezi wa sita, katika kanisa la mabati lililo juu kidogo ya soko la Chepilat, Monicah Akello alisimama, akavuta kitambaa chake cha kichwa, akasema anamshukuru Mungu kwa giza. Watu wakageuka kumwangalia. Mchungaji akakohoa. Akello hajawahi kushtushwa na kikohozi cha mtu, akarudia, giza, mmesikia sawasawa, kisha akaketi. Hakueleza. Waliohitaji kuelewa walikuwa wameelewa, na mmoja wao alikuwa ameinamisha kichwa akijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba.

Wewe hukuwepo, kwa hivyo kaa nikueleze.

Akello ana miaka sitini na tatu. Alizaliwa Nyakach, akaletwa huku kwenye baridi na mumewe Jackton, aliyefanya kazi katika shamba kubwa la chai, Akello naye akichuma humo humo, mpaka Jackton akastaafu, na baada ya kustaafu hakukaa sana, akafa. Akello hakurudi kwao. Nyumba ya Jackton kule nyumbani ilikuwa imeanguka ukuta mmoja, halafu wa pili, na mtoto wao Ojwang anaishi Nakuru katika chumba kimoja pamoja na mke na watoto watatu. Basi Akello akapanga chumba nyuma ya maduka, akaanza kuchuma chai ya Chepchumba, mama mmoja wa Kikipsigis mwenye ekari moja na nusu ya michai, ambaye sisi wote tunamwita Mama Kimutai. Mkono ukichuma, chumba kipo. Mkono ukiacha kuchuma, hakuna chumba, na Akello angelazimika kwenda kukaa kwa shemeji yake kule Nyakach, mgeni asiye na siku ya kuondoka. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, hakuna lingine.

Kisha macho yakaanza kumfanyia vituko.

La kushoto ndilo lililotangulia. Alikuwa akiona dunia kama mtu anayechungulia kupitia karatasi ya nailoni. Akafikiri ni moshi wa jikoni, akanawa na maji ya chumvi. Miezi michache baadaye la kulia nalo likafuata, na mwisho akabaki na kivuli tu, huyu ni mtu, huyu ni mti, na wakati mwingine hata hayo hakuwa na hakika nayo. Hakumwambia mtu. Akaanza kuwasalimia watu kwa kungoja wazungumze kwanza. Akahesabu hatua kutoka mlangoni pake mpaka kwenye lango la Chepchumba, mia tatu na arobaini kukiwa kukavu, zaidi kukiwa na matope. Stima ilipopotea jioni na majirani wakaanza kulalamika na kutafutana kwa sauti, yeye aliendelea kuchagua mchele wake taratibu kwa vidole, hana habari, mpaka mtu akamwuliza, Mama Ojwang, unachagua nini gizani? Akajibu kwamba anabana matumizi ya mshumaa.

Kazini alikuwa na ufito wake. Usiyewahi kuchuma chai, ujue hivi: mchumaji huweka ufito mrefu juu ya michai, ulale bapa. Lililochomoza juu ya ufito unalichuma, lililo chini yake unaliacha likue. Na unachotaka ni majani mawili na chipukizi, basi. Akello alikuwa amefanya hivyo miaka thelathini, akajiambia macho ya nini. Chipukizi ni laini kama sikio la mtoto mchanga, jani lililokomaa hulia tak likivunjwa. Vidole vinajua. Na asubuhi vilikuwa vinajua kweli, sikatai. Lakini kufika saa sita vidole huchoka, vikashika kila kitu, na mtu asiyeona haoni kile ambacho hakukiona.

Yeye alijiona fundi. Na alikuwa na ushahidi. Kila siku saa tisa majani hupelekwa kwenye kituo cha majani, banda la mabati kando ya barabara, na hapo kila mchumaji humwaga kapu lake juu ya gunia, akachambua, akatoa yaliyokomaa na magugu, ndipo karani aje na mizani. Karani wetu ni Kipkirui, kijana mpole wa maneno lakini mkali wa majani. Ameshamrudishia mke wa mchungaji gunia zima. Hajawahi hata siku moja kumrudishia Akello. Alikuwa akitundika mfuko kwenye ndoano na kusoma kwa sauti, "Akello, ishirini na mbili." Kisha mwenzake, "Bonareri, kumi na nne."

Bonareri ndiye aliyechuma naye kwa Chepchumba. Ni Mgusii wa ng'ambo ya mpaka wa kaunti, ana miaka thelathini na kitu, mama wa msichana anayeitwa Kemuma. Siku zote aliketi kando ya Akello pale kituoni, magunia yao yamegusana, wakipiga soga huku majani yakichakarika. Na kila aliposikia kilo zake, Akello hakuweza kujizuia.

"Bonareri," angesema, "hivi vidole vyako umeviweka wapi? Mimi nyanya mzima nakushinda."

"Wewe una mkono wa baraka, Mama," Bonareri angejibu akicheka.

Akello angeenda nyumbani amejaa raha. Mwaka mmoja na nusu alitembea na raha hiyo.

Katikati ya hapo kambi ya macho ilikuja mara mbili, madaktari wakaketi kwenye uwanja wa kanisa, bure kabisa. Akello hakukanyaga. Kwanza, angekwenda angejulikana, na Chepchumba angetafuta mchumaji mwingine. Pili, binamu ya Jackton anayekaa Fort Ternan alimwambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba wale watu wanang'oa jicho, wanaliosha kwenye beseni, halafu wanalirudisha. Na je, wakilirudisha kinyume? Ukicheka hapo, cheka, lakini najua watu wenye digrii wanaoamini mambo mabaya kuliko hayo.

Siku iliyovunja kila kitu ilikuwa Jumanne, mwezi wa tano. Bonareri hakuja, alikuwa amempeleka Kemuma kliniki. Akello alichuma peke yake safu za karibu na barabara, zile zilizo tambarare, ambazo Chepchumba alikuwa amempa tangu kitambo na yeye akadhani ni heshima ya umri. Saa nane hivi ndege wakanyamaza. Baridi ikampanda miguuni. Wingu zito lilikuwa limefunga kila upande, giza la mchana lile tunalolijua huku, la dakika kumi kabla ya mvua ya mawe. Akello hakuliona, alilisikia kwenye ngozi.

"Mama Ojwang, shika kapu, twende," Chepchumba akaita kutoka juu. "Inakuja."

Wakafika kituoni mawe yakiwa yameanza. Chini ya yale mabati hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Akello akamwaga majani yake juu ya gunia, akaketi kando yake kama kawaida, akangoja. Akapitisha mkono mara mbili tatu, akatoa kijiti kimoja, akaona inatosha. Kipkirui akaja na mizani. Akasimama. Akainama. Akapekua majani muda mrefu kuliko anavyopaswa karani mwenye watu wengi.

"Mama Ojwang," akasema kwa sauti ya juu ili mvua isimmeze, "haya majani umechuma wewe?"

"Unaona mwingine hapa?"

"Hili limekomaa. Hili pia. Hii nusu yote imekomaa." Akanyanyua kitu. "Na hili hata si chai, ni la ua wa Mama Kimutai. Kiwanda kimetuonya. Siwezi kupokea haya, nitarudisha gunia."

Akello akanyoosha mkono kuchukua hilo jani la ua, akalikosa, akashika hewa. Na hapo Chepchumba akasema maneno ambayo alikusudia yaishie sikioni mwa karani peke yake, ila mvua ya mawe haina adabu, ikanyamaza ghafla, na banda zima likasikia.

"Kipkirui, ngoja. Bonareri hayuko leo."

Kipkirui akasema, "Ah." Akaweka mizani chini, akachuchumaa, Chepchumba akachuchumaa upande wa pili, na wote wawili wakaanza kuchambua majani ya Akello bila neno. Akello akaisikia ile sauti ya kuchakarika. Aliifahamu. Ilikuwa sauti aliyoketi nayo kila siku kwa mwaka mmoja na nusu, akidhani ni Bonareri anashughulika na gunia lake mwenyewe.

"Kwa hivyo mnajua," akasema. "Nyote mnajua."

Mikono ikaendelea kuchambua.

"Tangu lini?"

Chepchumba akapangusa mikono kwenye aproni. "Tangu siku ulipomsalimia ng'ombe wangu pale langoni ukidhani ni mimi. Ulimwuliza habari za watoto. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikashindwa niitikie au ninyamaze."

Mtu mwingine angecheka. Akello hakucheka. Alikasirika, na hasira ya Akello si kitu kidogo. Alikataa kushikwa mkono, akaondoka peke yake akihesabu hatua, hesabu ikampotea, akaingia kwenye mtaro uliojaa barafu mpaka magotini. Alijitoa mwenyewe. Akafika chumbani, akafunga mlango, na kesho yake hakwenda kuchuma. Alikaa kitandani akiona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alikuwa amefanywa kichekesho na soko zima, hivyo ndivyo alivyofikiri. Alikuwa akijisifu mbele ya watu wanaojua. Na sasa Chepchumba angesema nini, angesema pole, mama, pumzika, na kupumzika ni Nyakach.

Jioni jua likiwa bado lipo, Bonareri akabisha hodi, akaingia kabla ya kuitikiwa. Alikuwa na ndizi mbivu kwenye mfuko. Akaziweka mezani, akaketi kwenye kibao.

"Umenifanya mjinga," Akello akasema.

"Hapana, Mama."

"Kwa nini hukuniambia? Mwaka mzima na nusu umeniweka gizani, na giza langu lilikuwa linanitosha."

"Wewe pia hukuniambia," Bonareri akasema. Hakupandisha sauti. "Ungetaka tuliongee, ungeliongea. Mimi nilikuja huku na Kemuma tumboni, baba yake ameshaenda zake, sijui jani la chai wala la mkunde. Unakumbuka nani alikuwa anaketi kando yangu pale kituoni?"

"Sikumbuki."

"Wewe. Msimu mzima. Ulikuwa unanihadithia mambo ya Jackton, jinsi alivyocheza mpira na viatu vya kanisani, mimi nacheka, na mkono wako uko ndani ya majani yangu. Nikadhani nimejua kuchuma siku ya kwanza. Nilikuja kung'amua baada ya mwaka, nilipoona unamfanyia msichana mwingine."

Akello alikuwa amesahau kabisa, na alisahau kwa sababu hakuna aliyewahi kuliita jambo. Wachumaji wa huku hawamwambii mgeni kwamba majani yake ni mabaya. Wanaketi karibu naye, wanaanzisha hadithi, mkono unafanya kazi. Yeye mwenyewe alifanyiwa hivyo na mwanamke mmoja kule shamba kubwa mwaka aliofika, mwanamke ambaye hata jina lake hakulikumbuka tena. Hasira ikamtoka polepole, na mahali pake pakabaki uchovu.

"Mama Kimutai anasemaje?"

"Anasema safu zako ziko, utazikuta. Na kesho Alhamisi kambi ya macho inarudi. Tunaenda wote."

"Wanang'oa jicho," Akello akasema. "Wanaliosha kwenye beseni."

Bonareri akafikiri kidogo. "Basi beseni nitashika mimi," akasema.

Akello akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Akaomba apewe ndizi.

Alhamisi madaktari wakamwangalia, wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, lakini wataanza na la kulia. Wakapakiwa kwenye gari la hospitali, wagonjwa kumi na mmoja na Bonareri, ambaye alimwambia muuguzi kwamba yeye ni binti, na muuguzi akaangalia Mgusii na Mjaluo akaamua kutouliza. Hakuna beseni lililoonekana. Akello alidungwa sindano, akalala macho, akamsikia daktari akimwuliza msaidizi kama amekula. Ikaisha kabla hajamaliza sala. Kisha wakalifunika jicho kwa bandeji nene, na hata kile kivuli kidogo alichozoea kikaondoka.

Hilo lilikuwa giza jingine. Akello alikuwa ameyajua mengi. Alilijua giza la utotoni, wanaloliita mudho kwao, lenye fisi na hadithi za bibi, ambalo lilikuwa tamu ukiwa umebanwa katikati ya wenzako. Alilijua la siku Jackton alipokata roho saa tano ya asubuhi, jua linawaka dirishani na yeye haoni pa kushika. Alilijua hili la macho, la kujifichaficha na kuhesabu hatua, na sasa akiwa amelala chali na bandeji usoni akatambua kwamba katika hayo yote, hili la macho ndilo lililomchosha zaidi, kwa vile alidhani yumo peke yake. Kumbe halikuwa tupu. Watu walikuwa wamejaa mle ndani, wanachambua. Akanyoosha mkono kando ya kitanda, na mkono wa Bonareri ulikuwa hapo hapo.

Asubuhi muuguzi akabandua bandeji. Kitu cha kwanza ambacho Akello aliona ni kifungo cheupe cha gauni la muuguzi, kilikuwa na matundu manne. Akayahesabu. Kisha akaona chuma cha kitanda, na juu ya chuma vidole vya mtu, vimepasuka na kuingia weusi kwenye kila mpasuko, weusi wa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni yoyote. Akaufuata mkono mpaka usoni. Bonareri alikuwa amekonda kuliko alivyomkumbuka, na mvi zilikuwa zimechomoza juu ya sikio.

"Umezeeka," Akello akasema.

"Naona limepona," Bonareri akajibu, na wote wawili wakalia kama watoto, muuguzi akawakataza akisema machozi si mazuri kwa kidonda.

Akapumzika wiki kadhaa alivyoamriwa. Chepchumba alimletea mursik, yale maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, na unga, na kila alipokuja alisimama langoni kwanza akasema, "Ni mimi, si ng'ombe." Mwezi wa sita Akello akarudi kwenye safu zake. Alikuta dunia imejaa vitu. Chipukizi la chai lina manyoya meupe madogo sana, alikuwa amesahau. Kijani kilikuwa kingi mpaka akaketi kidogo. Halafu akachuma, na alichuma kwa bidii ya mtu anayetaka kuonyesha watu, hakupumzika saa nne, hakupumzika saa sita, jicho linaona, vidole vinafuata, mbio mbio mpaka saa tisa. Kapu likapanda. Kituoni akamwaga juu ya gunia, akachambua mwenyewe, akapata majani matatu tu ya kutupa. Bonareri alikuwa kando yake, gunia lake bado halijapimwa.

Kipkirui akatundika mfuko wa Akello kwenye ndoano. Akautazama mshale.

"Akello, kumi na sita."

"Pima tena," Akello akasema.

Akapima tena. Mshale ukasimama palepale, na safari hii Akello aliuona kwa jicho lake mwenyewe. Kumi na sita.

Akafikiria mizani imeharibika. Akafikiria labda majani ya leo ni makavu, au ni umri, au ni zile wiki za kukaa. Hajawahi kuchuma kwa kasi kama leo, na haoni ni wapi amekosea. Wakati wa giza alikuwa akipata ishirini na mbili, tena baada ya nusu ya kapu lake kutupwa. Hapo mawazo yakasimama. Nusu ya kapu lake ilikuwa ikitupwa kila siku, mwaka mmoja na nusu, na kilo zake hazikupungua hata kidogo. Akageuka kumtazama Bonareri. Bonareri alikuwa akikunja aproni yake kwa makini sana, akiikunjua, akiikunja upya, hainui uso.

Kumi na nne, ndizo zilizokuwa kilo za Bonareri siku zote hizo. Na kwenye gunia lake leo palikuwa na kilima.

Akello alisimama pale banda zima likimwangalia. Alijisikia mdogo, kisha akajisikia amebebwa. Kila kilo aliyojisifia ilikuwa ya huyu, imehamishwa kwa mkono kutoka gunia moja hadi jingine wakipiga soga. Kila mwezi aliolipa chumba, aliyelipa ni huyu, mwenye mtoto wa kulea na mvi kabla ya wakati, na siku zote alichekwa kwa uvivu naye akaitikia kwa kicheko.

Hakutoa hotuba. Akauondoa mfuko wake kwenye ndoano, akauinamisha, akamwaga majani yake yote juu ya gunia la Bonareri.

"Mama, acha," Bonareri akasema.

"Nyamaza wewe. Kipkirui, andika zote kwa Bonareri."

Kipkirui akaangalia kalamu yake, akamwangalia Chepchumba, na Chepchumba akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Wakakusanya majani kwa mifuko miwili, wakapima, karani akajumlisha midomo ikitikisika.

"Bonareri," akasoma, "thelathini na tisa."

Akello akaushika mkono wa Bonareri, akaugeuza kiganja juu, akavitazama vile vidole vyeusi kimoja kimoja kwa jicho lake zima.

"Nimekuuliza kila siku umeviweka wapi," akasema. "Kumbe ulikuwa umeviweka kwangu."